Salamu za Kihispania: Tazama jua, tazama umri, kisha fungua kinywa

Katika vijiji vya Hombolo, kaskazini mashariki mwa Jiji la Dodoma, salamu hufuata jua. Asubuhi Mgogo humsalimu mwenzake kwa neno "mbukwa", na wakiwa wengi husema "mbukwenyi". Mchana ukishaingia, neno hilo huwekwa kando na nafasi yake huchukuliwa na "mihanye", au "mihanyenyi" kwa watu wengi. Vijana wanaotoka mikoa mbalimbali kusoma katika Chuo cha Serikali za Mitaa kilichopo Hombolo, ambao wengi wao wamezoea "mambo" na "poa" kutwa nzima, hukutana na utaratibu huo mara wanapotoka nje ya uzio wa chuo.

Utaratibu wa namna hiyo hiyo ndio unaompa taabu mtu wa mjini anapoanza kujifunza Kihispania. Maneno yenyewe ni mepesi, na kwa msemaji wa Kiswahili ni mepesi kuliko anavyodhani. Kazi ipo katika kujua ni saa ngapi na ni nani aliyesimama mbele yako.

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, na wanaoizungumza kama lugha ya kwanza wanakaribia milioni 500. Barani Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania Oktoba 12, 1968, na kwa sababu ya nchi hiyo Kihispania kimo katika orodha ya lugha za Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili. Kwa Watanzania, hata hivyo, lugha hii haipiti sana katika mikutano ya wakuu wa nchi. Inasikika kwa watalii wanaopanda Kilimanjaro na wanaoshuka Zanzibar, na inasikika hospitalini. Mwaka 2007 Wakuba kutoka Chuo Kikuu cha Matanzas walianza kufundisha madaktari visiwani Zanzibar. Kenya nayo ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba mwaka 2018 na kuwasambaza katika kaunti zake. Hata mkulima wa zabibu wa Hombolo ana sababu ya kuijua, kwani Hispania ndiyo nchi yenye eneo kubwa zaidi la mashamba ya mizabibu duniani.

Vitabu vingi vidogo vya wasafiri huanza na neno "hola", linalotamkwa "ola" kwa kuwa herufi h katika Kihispania haina sauti. Ni mwanzo rahisi, lakini si mwanzo bora. "Hola" si tusi, na Wahispania wenyewe hulitumia kutwa. Ila likitoka peke yake kinywani mwa mgeni mbele ya mtu mzima, husikika kama "jambo" ya mtalii anayempungia mkono bibi kizee wa Kiswahili. Bibi ataitikia, pengine atacheka, lakini hatahesabu kuwa ameamkiwa.

Anayetaka kuanza vizuri aanze na salamu za saa. Asubuhi ni "buenos días", yaani siku njema. Baada ya hapo ni "buenas tardes", ya mchana na jioni, na giza likiingia ni "buenas noches". Mpaka kati ya salamu ya kwanza na ya pili hauwekwi na saa ya ukutani pekee. Nchini Hispania chakula cha mchana huliwa mnamo saa nane, na wapo watu wengi ambao hawaoni kuwa asubuhi imekwisha hadi wakae mezani. Mgeni akisema "buenos días" saa saba mchana, hakuna atakayemshangaa.

Wasemaji wa Kiswahili hujikwaa zaidi katika "buenas noches". Kwetu "usiku mwema" ni kauli ya kuagana, na anayeisema huwa keshainuka kwenda zake. Kwa Wahispania salamu hiyo hiyo hutumika pia kumpokea mtu. Mhudumu wa hoteli anayepokea wageni saa mbili usiku asiogope kuwaambia "buenas noches" kwa kudhani kuwa anawafukuza.

Wazee wa pwani hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. "Sabalkheri" ya asubuhi na "masalkheri" ya jioni bado zipo, ingawa mijini zimeachiwa watu wazima.

Katika matamshi msemaji wa Kiswahili anaanza safari akiwa mbele ya wanafunzi wengi wa Ulaya. Irabu za Kihispania ni tano zile zile, na kila moja husomwa kama ilivyoandikwa. Mkazo wa neno mara nyingi hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwetu, na pale unapohama mara nyingi huwekewa alama juu ya irabu. Herufi ñ ni "ny" yetu, hivyo "mañana", yaani kesho, husomwa "manyana". Herufi j hutoka kooni kama "kh" ya kheri. Neno "gracias", asante, hutamkwa "grasias" Amerika Kusini, lakini katika sehemu kubwa ya Hispania hutamkwa "grathias", kwa th ya thelathini. Matamshi yote mawili ni sahihi, na mwanafunzi achague moja adumu nalo.

Ugumu halisi unaanza baada ya salamu ya kwanza, pale mtu anapotaka kuuliza hali. Kwa rafiki, mtoto au mtu wa rika lako utasema "¿cómo estás?". Kwa mzee, mgonjwa usiyemfahamu, ofisa au mteja utasema "¿cómo está usted?". Kauli zote mbili maana yake ni "hujambo", lakini ya pili imebeba heshima ambayo Mswahili huiweka katika "shikamoo".

Neno "usted" lina historia inayofanana na ya shikamoo. Kama "shikamoo" ilivyotokana na kauli ya kushika miguu ya mkubwa, "usted" ni mabaki ya "vuestra merced", kauli ya zamani ya kumtukuza mtu ambayo tunaweza kuifananisha na "hisani yako". Kwa sababu hiyo kitenzi chake hakisemi "wewe", bali husema kama mtu anayezungumziwa hayupo. Wanafunzi wengi hulalamika kuwa jambo hilo halieleweki. Mtanzania hana haki ya kulalamika. Kila siku bungeni Dodoma mtu husimama mbele ya mwenzake na kumwambia "Mheshimiwa amesema", na nyumbani kijana humuuliza baba yake, "Mzee anaendeleaje?" Huyo mzee yupo pale pale, anasikia. "¿Cómo está usted?" imejengwa kwa mantiki hiyo.

Tofauti ya "estás" na "está" ni herufi moja ya mwisho, na hapo ndipo penye mtego kwa wanaojifunza kwa Wakuba. Katika mazungumzo ya kawaida Wakuba humeza s iliyo mwishoni mwa silabi, au huipuliza tu kama h nyepesi. Sikio la mwanafunzi halipati njia ya kutenganisha kauli ya heshima na kauli ya kirafiki, naye huondoka na moja aliyoikariri bila kujua ni ipi. Muuguzi aliyejifunza hivyo anaweza kumsemesha mgonjwa wa miaka 70 kama anavyomsemesha mwanafunzi mwenzake. Dawa yake ni kutolitupa neno "usted". Wenyewe mara nyingi huliacha, kwa kuwa kitenzi kimekwisha kulibeba, lakini mgeni anayelitaja haumizi mtu.

Ikumbukwe pia kuwa kipimo cha heshima hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Nchini Hispania vijana huacha "usted" mapema sana, pengine mapema kuliko wazazi wao wanavyopenda. Nchini Colombia yapo maeneo ambako hata mume na mke huitana "usted". Waargentina nao wana neno lao, "vos", mahali ambapo wengine husema "tú". Kwa Mtanzania asiye na uhakika kanuni ni ile aliyolelewa nayo, kwamba heshima ikizidi hupunguzwa na mwenye kuheshimiwa.

Safari ya lugha hizi mbili kukutana imewahi pia kwenda upande wa pili. Aprili 1965 Che Guevara alifika Dar es Salaam kwa siri, akapita Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana mashariki mwa Kongo. Wakuba waliokuwa naye walipewa majina ya kificho yaliyotokana na hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, alipangiwa kumfundisha Kiswahili. Vita viliposhindikana mwaka huo huo, Ilanga alipelekwa Cuba, na mwalimu akawa mwanafunzi. Alijifunza Kihispania, akasomea udaktari kwa lugha hiyo, na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2005.

Jibu la salamu ni fupi. "Bien, gracias, ¿y usted?" yaani "nzuri, asante, na wewe je?", na mambo yamekwisha. Mtu aliyezoea kuulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za mifugo, zote kabla ya kukaa, anaweza kuona kuwa amekatizwa. Hajakatizwa. Vilevile "¿qué tal?", inayosikika kila kona, haimtaki mtu aeleze homa yake ya juzi.

Ufupi huo usimfanye mtu adhani kuwa Wahispania hawajali salamu. Anayeingia dukani, kwenye lifti au katika chumba cha kusubiri daktari huwasalimu wote waliomo kwa "buenos días", na asiyefanya hivyo huonekana hana malezi. Katika kutambulishwa kwa mara ya kwanza husemwa "mucho gusto", nimefurahi, na mkono hutolewa. Hispania wanawake na wanaume hubusiana mashavuni mara mbili, na nchi nyingi za Amerika Kusini mara moja. Mgeni wa kutoka Tanzania atoe mkono na kungoja wenyeji waamue lililobaki.

Yapo na mambo ambayo Mswahili atayatambua papo hapo. Mlangoni Mhispania huuliza "¿se puede?", naye hujibiwa "adelante". Hiyo ni hodi na karibu. Akikukuta mezani hukutakia heri ya chakula kwa kusema "que aproveche", na wa jadi wanaokula hukukaribisha kwa "¿gusta?". Lakini "pole" haina mwenzake. Kihispania kina neno la kumpa pole mfiwa na neno la kuomba radhi, ila hakina neno moja la kumwambia mtu aliyechoka, aliyesafiri au aliyemwagikiwa na chai, na anayelitafuta atapoteza muda wake.

Katika kuagana, "hasta luego" ni baadaye na "hasta mañana" ni hadi kesho. Neno "hasta" lilitoka katika "hatta" ya Kiarabu, miaka ile Waislamu walipotawala sehemu kubwa ya Hispania, na ndilo hilo hilo lililoingia katika Kiswahili kama "hata", ambalo katika maandishi ya kale lina maana ya "mpaka". "Adiós" ni kwaheri yenye uzito zaidi, inayofaa safari ndefu. Hata hivyo, katika vijiji vya Hispania watu wawili wanaopishana njiani bila kusimama huambiana "adiós" na kila mmoja akaendelea na safari yake, na mgeni anayeisikia asidhani kuwa amefukuzwa kijijini.