Mbwa Akishukiwa Kichaa, Usimzike Kabla ya Sampuli Kuchukuliwa



Mbwa akionyesha dalili za kichaa, wengi wetu humuua na kumfukia haraka. Tukifanya hivyo, hatutajua kama ugonjwa umeingia kijijini, wala ulikotoka.

Aliyeumwa kwanza

Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akapate chanjo. Usisubiri majibu ya maabara. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba, na karibu wote hufa.

Kwa nini maabara inahitaji kichwa?

Kipimo cha uhakika hufanywa kwenye ubongo; damu haitoshi. Kwenye sampuli hiyo watafiti huweza pia kusoma vinasaba vya kirusi, wakajua kama ni kilekile kinachozunguka kijijini au kimeletwa kutoka mbali. Hapo ndipo wataalamu hujua pa kupeleka chanjo.

Mbwa akifa au akiuawa

1. Mpigie afisa mifugo mara moja.
2. Usimpige mbwa kichwani. Ubongo ukipondeka kipimo huwa kigumu.
3. Usimguse kwa mikono mitupu na usimkate kichwa mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyechanjwa na mwenye vifaa.
4. Mfunike, mweke kivulini, na uwazuie watoto na mbwa wengine. Joto huozesha ubongo upesi.
5. Kumbuka ya kumweleza afisa: mbwa ni wa nani, alichanjwa lini, alianza kubadilika siku gani, na ameuma watu au mifugo gani.

Afisa atafunga sampuli katika mifuko miwili isiyovuja, ataiweka kwenye kasha lenye barafu pamoja na maelezo yako, na kuisafirisha maabara ya mifugo. Mzoga uliobaki uchomwe au ufukiwe shimo refu.

Mbwa aliyeuma akiwa bado hai

Kama anaonekana mzima na anaweza kufungwa bila hatari, usimuue. Afisa atamwangalia kwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku aliyouma.

Kinga

Peleka mbwa wako wote kwenye chanjo, hata watoto wa mbwa. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Mlinzi wa boma naye anahitaji kulindwa.