Otopailoti imekufa Cocos: kutengeneza, kuagiza au kushika usukani?

Kutoka Direction Island, katika visiwa vya Cocos (Keeling), hadi Rodrigues ni takriban maili 2,000 za baharini. Yoti ya mita 11 inayokwenda maili 120 kwa siku itachukua siku 17. Kama mko wawili na otopailoti, ile mashine ya kushika usukani, imekufa, kila mmoja ana saa 12 za usukani kila siku, huku mawimbi ya kusini-mashariki yakiipiga yoti tezini. Hiyo ndiyo bei ya kuondoka bila kufanya lolote. Bei nyingine zote zipimwe kwa hiyo.

Wengi hukimbilia kuagiza mpya. Nawasihi wangoje siku moja. Otopailoti si kitu kimoja: ina dira ya umeme, kompyuta, kipimo cha pembe ya usukani, na mota inayosukuma. Anza na mota, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi ya sulubu. Chomoa nyaya zake mbili kwenye kompyuta, uziguse kwenye betri ya volti 12. Ikizunguka, ni nzima. Basi rudi kwenye nyaya za kompyuta na upime volti wakati mzigo upo, maana waya ulioliwa na chumvi huonyesha volti 12 ukiwa umepumzika, kisha huporomoka mara tu mota inapodai umeme.

Isipozunguka, fungua utazame brashi zake za kaboni. Zikiwa zimelika, tafuta kaboni ya mota nyingine iliyo kubwa kidogo, ya feni ya gari kwa mfano, uipige msasa mpaka iingie bila kukwama, na ufute lile vumbi jeusi lote. Umetumia dola chache na alasiri moja.

Mota ikiwa nzima na kompyuta ndiyo iliyokufa, bado usikate tamaa. Swichi ya pande mbili, kushoto na kulia, ikiungwa kwenye mota, na klachi inayoiunganisha na usukani ikapewa umeme wake, utaongoza kwa kidole ukiwa umeketi penye kivuli. Lazima mtu awe macho, lakini mabega yatapumzika.

Kuagiza ni habari nyingine. Mota mpya pamoja na mkono wake, kwa yoti ya ukubwa huu, huweza kupita dola 2,000 za Marekani. Itoke Perth, karibu kilomita 3,000, kwa ndege hadi West Island, ivuke kwa feri hadi Home Island, ndipo uifuate kwa kidau chako. Ndege ikijaa, unangoja nyingine, na msimu haungoji.

Otopailoti ndogo ya kana, ya dola 500 hadi 900, ni nafuu, na inaweza kufungwa kwenye kana ya dharura hata kama yoti yako ina usukani wa gurudumu. Ila bahari ikichafuka tezini huzidiwa upesi. Usukani wa upepo, unaoongozwa na upepo wenyewe, hauli umeme hata kidogo, ilhali otopailoti inayokula ampia 3 mfululizo humaliza ampia-saa 72 kwa siku. Huo ndio ningependa kila yoti ya masafa marefu iwe nao. Lakini bei yake huweza kupita dola 5,000, na kutoboa tezi ili kuufunga ukiwa umetia nanga mbali na karakana sishauri.

Kwa hiyo, kaboni au waya vikiwa ndivyo chanzo, tengeneza na uondoke. Mota ikiwa imeungua kabisa na mko wawili tu, vumilieni ndege ya Perth. Mkiwa watatu au wanne, zamu za saa tatu tatu zinawezekana: kifaa kipya kipelekwe Port Louis, Mauritius, mkakifuate huko kupitia Rodrigues. Na katika oda hiyo, ongeza jozi mbili za kaboni.