Kununua SSD ya mbio: angalia kwanza tundu la mashini

Mpiga video za ndoa, mwanafunzi mwenye kuandika kazi yake ya mwisho, redio yenye kulinda vipindi vyake: wote wanatafuta pahali pa kuweka kazi, na wote wanahesabu dola. Diski ya SSD ya kubeba mkononi inawasaidia. Lakini bei kubwa haileti kila mara mbio kubwa, na bei ya chini kupita kiasi inaweza kupoteza kazi ya mwaka mzima.

Sababu gani SSD?

Diski ya zamani iko na sahani yenye kuzunguka ndani. Ikianguka wakati inafanya kazi, mara mingi inakufa na vyote vyenye kuwa ndani. SSD haina kitu chenye kuzunguka, inaandika katika chipu sawa telefone. Ndiyo maana inavumilia zaidi safari ya pikipiki na barabara yenye mashimo.

Mbio inatoka wapi?

Kwenye kartoni ya diski kama Samsung T7 ao Kingston XS1000 kumeandikwa mega 1050 kwa sekunde. Ni kweli, lakini ni kama tundu la mashini linaikubali. Tundu la USB 2 haliruhusu kupita mega 40 hivi. USB 3 ya giga-biti 5, yenye iko ku mashini mingi na mara mingi ni ya buluu ndani, inapitisha mega 400 hivi. Ile ya giga-biti 10 ndiyo inafikisha mega 1000.

Tuseme video za ndoa zina uzito wa giga 100. Kwa USB 2, kuzihamisha kunakula dakika 40 na zaidi. Diski ya zamani yenye kuzunguka, kwa mega 120, inakula dakika 14. SSD kwa tundu la giga-biti 5 inamaliza kwa dakika 4 na kitu, na kwa giga-biti 10 ni chini ya dakika 2.

Kuko pia SSD za mega 2000, na bei yake iko juu. Mingi kati yazo zinaomba tundu la giga-biti 20, lenye mashini nyingi hazina. Mwenye kuinunua bila tundu hilo analipia mbio yenye hataiona. Kamba nayo inahesabika: kamba ya kuchajia telefone mara mingi ni ya USB 2 tu, hata kama kichwa chake kinaingia sawasawa. Heri kutumia ile yenye ilitoka katika kartoni.

Kuhesabu bei

Usilinganishe bei peke yake, gawanya bei kwa giga. Diski ya giga 500 kwa dola 60 ni senti 12 kwa giga moja. Ya tera 1 kwa dola 100 ni senti 10. Ya pili ndiyo bei nzuri, ikiwa mtu atatumia nafasi hiyo kweli.

Diski zingine za bei ya chini zinaanza mbio, halafu zinachoka. Sehemu yao ya mbio ikijaa, kuandika kunashuka, mara zingine mpaka mega 100 ao chini. Kwa mwanafunzi haina shida. Kwa mwenye kumwaga giga 300 za video kwa mara moja, ni shida.

Mtego wa tera 16

Diski ya tera 16 kwa dola 30 ni ya bandia, bila kubahatisha. SSD za kubeba za makampuni yenye kujulikana kawaida hazipite tera 8, na hizo ni bei kali. Ndani ya ile ya bandia mara mingi mnakuwa kadi ndogo ya kumbukumbu, yenye wamedanganyisha ili ionyeshe nafasi kubwa. Ikijaa, inaendelea kupokea, kumbe inafuta vya zamani ao haiandike kitu. Mtu anagundua siku yenye anafungua video na haifunguke.

Programu za bure zinafichua uongo huo: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Zinajaza diski yote halafu zinaisoma tena. Kwa tera 1 kazi hiyo inaomba saa moja na nusu ao zaidi, kwa hiyo patana na muuzaji kwanza kwamba diski inaweza kurudishwa. Lakini usishtuke Windows ikionyesha giga 931 kwa diski ya tera 1. Hapo hakuna wizi, ni namna yake ya kuhesabu.

Kisha kununua

Kwa kutumia diski ku Windows na Mac pia, mfumo wa exFAT unafaa. FAT32 inakataa faili moja yenye kupita giga 4. Delestaji ikikata umeme wakati wa kuandika, faili inaweza kuharibika, basi heri kuhamisha kazi kwa mashini yenye betri, na kutoa diski kwa utaratibu kabla ya kuichomoa.

Mwisho, SSD si sanduku la kufungia kazi miaka mingi. Ikikaa muda mrefu bila umeme, zaidi sana pahali pa joto, inaweza kusahau. Iunganishe mara kwa mara, na kazi ya maana iwe pahali pawili. Kwa wengi, SSD ya kweli ya mega 1000 pamoja na diski ya zamani ya bei ya chini kwa kopi ya pili inasaidia kuliko SSD moja ya mega 2000 peke yake.