Mzazi, Mtoto Mwenye Kifafa na Kazi ya Kipato

Katika Sanje na vijiji jirani vya bonde la Kilombero, kipato cha jamaa nyingi hutokana na miwa na mpunga. Kazi hizo humtaka mtu awe shambani tangu alfajiri. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa huiona saa hiyo kuwa ngumu, kwani mtoto akianguka karibu na moto au kijitoni pasipo mtu, huweza kuungua au kuzama. Basi mzazi hubaki nyumbani, palizi huchelewa, na chama hupokea mazao machache kutoka kwa mwanachama asiye mvivu hata kidogo.

Jambo hili si geni kwa bonde hili. Ng'ambo ya mto, katika milima ya Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, akawatibu wagonjwa kwa fenobabito. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha uhusiano kati ya kifafa cha huko na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana penye maji yaendayo kasi. Kifafa chenyewe hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumshika mgonjwa. Hata hivyo hofu hiyo humfukuzia mama mwuza vitumbua wateja wengi kuliko ambavyo vitumbua vibovu vingewafukuza.

Mfano wa wazazi walioanzisha kazi kwa sababu ya mtoto wao uko Uganda. Karibu na Fort Portal, Steve na Asha Williams, wenye hoteli juu ya ziwa Kyaninga, walikuwa na mtoto mwenye kifafa kikali. Mtaalamu wa viungo kutoka Uingereza, Fiona Beckerlegge, alikuja kumhudumia. Ikadhihirika kwamba jamaa nyingine za huko zilikuwa na haja ile ile, na mwaka 2014 watatu hao wakaanzisha kituo cha watoto cha Kyaninga. Baadaye zilifuata karakana ya vifaa vya watoto na biashara ya jibini ya maziwa ya mbuzi.

Wazazi wale walikuwa na hoteli. Mzazi wa Sanje hana, na tofauti hiyo haifai kufichwa. Linaloweza kuigwa ni hesabu yao. Haja ya mtoto mmoja haimtoshi fundi kuishi, lakini haja za watoto ishirini ni soko: seremala aliyeelekezwa vipimo na mtaalamu anaweza kutengeneza viti vya watoto wasioweza kuketi wenyewe. Vivyo hivyo, wazazi watano wakipeana zamu ya kuwalinda watoto, wanne huwa huru kila siku kwenda shambani au sokoni.

Kuhusu mtaji, sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mama wa mtoto mwenye ulemavu asidhani kwamba fungu lake ni lile dogo tu. Akiwa katika kikundi cha wanawake, anaweza kuomba katika fungu lao.

Kamati ya chama ikitaka kujua ina wazazi wangapi wa namna hii, daftari la wanachama halitaisaidia. Itabidi waulizwe majumbani, kabla msimu wa kukata miwa haujaanza.