Dawa Inapounguza Ngozi

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: 

Tuseme unameza Septrin, na leo ni siku ya kumi. Unapata homa. Macho ni mekundu, koo linauma, unadhani ni mafua. Kesho yake midomo inavimba, kinywani kuna vidonda, na kifuani kumetoka madoa mekundu yenye weusi katikati. Hayawashi sana, yanauma. Halafu yanakuja malengelenge, na ngozi inachubuka ukiigusa tu, kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Jirani atasema umerogwa. Hukurogwa. Mwili wako umeikataa dawa.

Huu ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, jina la madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Ni wa nadra sana, lakini katika wagonjwa 10 mmoja hivi hufa. Ngozi ikitoka sehemu kubwa ya mwili, hufa 3 au zaidi. Wengine hupona na macho yameharibika.

Dawa zinazouleta mara nyingi ni Septrin, Fansidar, nevirapini ya VVU, na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya 4 na ya 28, kwa hiyo usiseme, "Nimemeza wiki mbili, haiwezi kuwa dawa." Mwenye VVU yuko hatarini zaidi. Zamani kifua kikuu kilitibiwa kwa thiasetazoni hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1991 madaktari wa Nairobi walionyesha jinsi ilivyowachuna ngozi wagonjwa wenye VVU, na leo hatupewi tena.

Mama mjamzito, usiikimbie Fansidar ya kliniki. Wengi mno huimeza salama. Na wewe wa VVU, ukipata vipele vya kuwasha tu, usiache dawa peke yako. Nenda ukaulize.

Lakini homa na vipele pamoja na vidonda vya kinywani, machoni au sehemu za siri, au malengelenge? Usimeze kidonge kinachofuata. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku, na ubebe dawa zote na pakiti zake. Anayemeza dawa ya kifafa asikawie kabisa, maana akiiacha ghafla anaweza kuanguka, atapewa nyingine. Usitoboe malengelenge. Usipake majivu, majani wala dawa ya meno. Mfunike mgonjwa kwa kitenge safi, mpe maji kidogo kidogo. Kituo kitampeleka hospitali ya Koboko au ya rufaa ya Arua.

Ukipona, dawa ile hutaimeza tena maishani, hata nusu kidonge. Hapa ndipo wengi wetu tunapotegwa. Ile inayoitwa Septrin hapa Koboko, ukivuka mpaka kwenda Ariwara utauziwa kwa jina la Bactrim. Ni dawa ile ile. Mwambie mganga aandike jina lake kamili, kotrimoksazoli, kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lako la hospitali. Mtoto wako mkubwa alijue pia, kwa siku ambayo wewe hutaweza kusema. Na ukifika dukani, onyesha daftari kabla hujatoa pesa.

(Muziki.)