Lancaster Iliyokuja Kupiga Picha

Katika banda la ndege la kambi ya Coningsby, mashariki mwa Uingereza, kuna ndege ya mabomu aina ya Lancaster yenye namba PA474. Ziliundwa 7,377 za aina hiyo, na leo zinazoruka ni mbili tu duniani kote. Nyingine iko Hamilton, Kanada. Wageni hufika na kamera zao na kuelekea moja kwa moja kwenye bunduki za rasharasha, kisha kwenye milango mirefu ya tumbo, palipoandaliwa kubeba mabomu. Mimi mtu wa mkoa wa Mara, Tanzania, ningeomba ruhusa nilale sakafuni, chini ya tumbo hilo, nipige picha kutoka huko.

Ndege hii haikupigana vita yoyote. Iliundwa mwaka 1945 karibu na mji wa Chester, ikakusudiwa kupelekwa Mashariki ya Mbali kupigana na Wajapani, lakini vita ikaisha kabla haijaitwa. Ikaondolewa bunduki, ikafungwa kamera, ikakabidhiwa kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza. Kazi yake ikawa kupiga picha za ardhi ya Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika kwa ajili ya ramani. Rangi ya kivita ilipakwa mwaka 1964, na kibanda cha mpiga bunduki kilichoko mgongoni kilipatikana baadaye sana, huko Argentina. Kwa hiyo vingi vinavyowavuta wapiga picha ni vya kurudishiwa.

Kwa anayetaka kuipiga ikiwa angani, mtihani mkubwa ni pangaboi. Injini zake nne za Merlin zikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gia huipunguzia pangaboi mwendo hadi mara 840, yaani 14 kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu 1 tu ya 1,000 ya sekunde, panga husogea nyuzi 5, chini ya hatua moja ya dakika kwenye uso wa saa. Pichani litaonekana limesimama, na ndege itakuwa kama kitu cha kuchezea kilichoning'inizwa kwa uzi. Ukifungua kwa sehemu 1 ya 60, panga husogea nyuzi 84, karibu robo ya duara, na injini huonekana hai. Gharama yake ni kwamba mkono wako lazima uifuate ndege kwa mwendo uleule bila kutetereka.

Sasa igeuze kazi: kamera iko ndani ya ndege, na kinachopigwa ni nchi. Chukua lenzi ya sentimita 15 iliyo mita 4,500 juu ya ardhi. Gawanya, upate kipimo cha 1:30,000. Filamu ya sentimita 23 kila upande itameza karibu kilomita 7 za nchi kwa pigo moja. Juu ya Tarime, kwetu mkoani Mara, ambako ardhi yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, rubani angelazimika kupanda hadi mita 6,000, kwenye hewa nyembamba ambako watu huvaa barakoa za oksijeni. Asubuhi mapema vivuli virefu huficha mabonde. Mchana mawingu ya Ziwa Victoria yameshajaa. Na kiangazi moshi wa nyasi zinazoungua hufunika kila kitu.

Picha hizo hupigwa zikipandiana kwa asilimia 60, na hapa ndipo penye uhondo. Nyosha kidole gumba mbele ya mti wa mbali, ufumbe jicho moja, kisha jingine. Kidole kinaruka, mti hautikisiki. Ndivyo kilele cha mlima wa Tarime, kilicho karibu zaidi na kamera, kinavyoruka zaidi kati ya picha mbili kuliko bonde la Mto Mara lililoko chini. Kwa kupima mruko huo mchoraji wa ramani hupata urefu wa mlima bila kuupanda. Akiziweka picha mbili chini ya stereoskopu, kila jicho na picha yake, milima huinuka mezani, tena mirefu kupita kiasi, kwa sababu ametazama kama jitu ambalo macho yake yametengana karibu kilomita 3. Ramani za Tanganyika za 1:50,000 zilichorwa kutokana na picha za namna hii.

Upande wa Serengeti, kutazama kutoka juu kuligeuka kuhesabu. Mwaka 1958 mtaalamu wa wanyama Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wakiruka na ndege ndogo ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, walihesabu nyumbu 99,481 kwa macho. Jicho huchoka mbele ya kundi la maelfu, ndiyo maana watafiti waliofuata walitegemea picha, ambazo mtu anaweza kukaa nazo mezani na kuhesabu nukta moja moja. Ugonjwa wa sotoka ulipotoweka, nyumbu waliongezeka kwelikweli, na kufikia mwaka 1977 walikadiriwa kuwa milioni 1.3.

Basi pale sakafuni Coningsby ningetumia lenzi pana. Tumbo la PA474 ni jeusi, na kipima mwanga cha kamera hudhani weusi ni upungufu wa mwanga, kikaupausha uwe kijivu. Ningepunguza mwanga hatua moja, nikasubiri wageni waelekee kwenye bunduki, kisha nikabonyeza.