Miswada ya Kiswahili katika Maktaba za Kidijitali: Wajibu wa Mtaalamu wa Lugha

Utangulizi

Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu imetawanyika mbali. Barua za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa Goa. Nakala za Utendi wa Tambuka, uliotungwa mwaka 1728, zimo Hamburg. Karatasi zilizokusanywa na Taylor, Werner na Hichens zimo katika maktaba ya SOAS mjini London. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyo ambao orodha yake, iliyotayarishwa na J.W.T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Mingine ingali masandukuni mwa wenyewe, Lamu, Pate na Mombasa. Siku hizi sehemu ya hazina hii imepigwa picha na kuwekwa katika maktaba za kidijitali. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mikusanyo ya namna hiyo inavyojengwa, inavyohifadhiwa na inavyoshirikiwa. Hoja yetu ni kwamba picha peke yake si mkusanyo. Kinachoifanya iwe mkusanyo ni maelezo yanayoandamana nayo, na maelezo hayo hayawezi kuandikwa ila na mtu aijuaye lugha.

Kujenga mkusanyo

Kazi huanza kwa uteuzi. Mswada ulio peke yake duniani, au ulioanza kuliwa na mchwa na unyevu wa pwani, hutangulizwa. Kisha kila ukurasa hupigwa picha, pamoja na jalada, kurasa tupu na maandishi ya pambizoni, kwa kuwa mara nyingi pambizoni ndimo mlimo jina la mnakili au la mmiliki. Hutengenezwa nakala mbili: nakala ya msingi, iliyo kubwa na isiyobanwa, ambayo huwekwa akiba, na nakala nyepesi ya matumizi, ambayo msomaji huletewa. Hatua hii ni ya ufundi, nayo hufundishika kwa muda mfupi.

Uorodheshaji

Ugumu wenyewe umo katika uorodheshaji. Maktaba nyingi hutumia kigezo cha Dublin Core, chenye vipengele 15, vikiwamo jina la kazi, mtunzi, tarehe, lugha na haki. Vipengele hivi huonekana vyepesi mpaka mkutubi akutane na mswada wetu. Hati za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo alama moja husimamia /i/ na /e/, na nyingine /u/ na /o/. Katika maandishi ya zamani herufi moja ilitumika kwa /b/, /p/ na /mb/. Hivyo neno moja lililoandikwa laweza kusomwa bata, pata au mbata, na ni muktadha tu unaoamua. Mkutubi asiyeijua lugha ataandika asomavyo, na kosa lake litadumu katika orodha kwa miaka.

Hata msomaji hodari hukabiliwa na suala la lahaja. Mmoja ataandika utendi kwa kuifuata Kiamu, mwingine utenzi. Utendi wa Tambuka hujulikana pia kuwa Chuo cha Herekali. Kompyuta haijui kwamba majina hayo ni ya kazi moja. Mtafiti atafutaye kwa jina moja huambiwa kwamba hakuna kitu, ilhali kitu kipo. Dawa yake ni kuandika jina sanifu la kazi, majina yake mengine yote, mstari wa kwanza kwa hati zote mbili, na lahaja ya mnakili. Ni kazi ya kiisimu kabisa.

Kuhifadhi

Faili la kompyuta halidumu kwa kuachwa. Diski huharibika na miundo ya faili hupitwa na wakati. Kwa sababu hiyo maktaba hukokotoa nambari maalumu kwa kila faili. Chembe moja ya faili ikibadilika, nambari nayo hubadilika na kasoro hugunduliwa. Lakini kugundua hakufai kitu ikiwa hapana nakala nyingine mahali pengine. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambayo mingi ni ya Kiarabu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Endangered Archives wa British Library. Mwezi wa Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi mingi. Sharti la mpango huo, kwamba mswada asilia usitoke katika nchi yake na nakala ya picha ibaki huko, lilithibitika kuwa la busara. Nakala iliyo kwetu ndiyo kinga yetu, mradi nasi tuitunze.

Kushiriki

Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, kikiwamo Chuo Kikuu cha Nairobi, hutumia programu ya DSpace, iliyotolewa mwaka 2002. Programu hii huwezesha orodha ya maktaba moja kuvunwa na nyingine, hata mtafiti akatafuta mahali pamoja. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya kufa mtunzi, na tenzi nyingi za kale zimekwisha kuupita muda huo. Hata hivyo, kuruhusiwa na sheria si kuruhusiwa na wenyewe. Ukoo ulioutunza mswada kwa vizazi vinne wastahili kuombwa idhini, kutajwa na kupewa nakala.

Hitimisho

Tumeona kwamba mashine na programu zapatikana; wanaopungua ni wasomaji wa hati. Idara zetu hazina budi kuzifundisha hati hizi tena kwa wanafunzi wa shahada za juu, na kuuhesabu uorodheshaji wa miswada kuwa utafiti unaostahili kupimwa kama makala. Tusipofanya hivyo, miswada yetu itaonekana na ulimwengu mzima, isisomwe na mtu.